Mstari Ni wa Nani?

Chukua karatasi ya grafu ya mwanafunzi wa Kidato cha Pili pale Sultan Hamud. Mihimili miwili imekutana penye sufuri, mmoja umelala na mwingine umesimama, na mstari umepita mshazari ukaigawa karatasi pande mbili. Upande mmoja umejazwa vistari vya penseli vilivyoinama vyote kuelekea kumoja. Mgeni akiitazama karatasi hiyo atadhani jibu liko penye vistari, maana ndipo mkono ulipofanya kazi. Sivyo. Katika shule za Kenya mwanafunzi hufundishwa kutia kivuli upande usiotakiwa, na jibu ni peupe panapobaki. Vitabu vingi vya Marekani hufanya kinyume: hupaka rangi kinachotakiwa. Desturi yetu ina sababu ya kikazi. Sentensi za kutolingana zikiwa nne au tano juu ya karatasi moja, anayepaka anachokitaka huishia na giza juu ya giza, asijue ni wapi rangi zote zimekutana. Anayefuta asichokitaka huliona jibu likijitenga lenyewe, safi, bila alama ya penseli. Lakini ndani ya desturi hiyo mna namna nzima ya kujua mambo. Hatuulizwi x ni ngapi. Tunaulizwa x haiwezi kukaa wapi, tupaondoe, kisha tukae na kilichosalia.

Mlinganyo wa x peke yake hutoa nukta kisha hunyamaza. Sentensi ya kutolingana hutoa uwanja, na uwanja una wakaazi wasiohesabika. Wahenga waliizoea hesabu ya aina hii kabla ya karatasi ya grafu kuingia bara: maji yakizidi unga, heri nusu shari kuliko shari kamili, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Hakuna anayetajiwa kiasi cha maji wala cha unga. Ametajiwa tu upande ambao mambo huharibika. Ulaya nako alama zilichelewa. Zile mbili za kubwa na ndogo zilionekana katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapwa mwaka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake. Vistari vinavyokaa chini ya alama na kuongeza maneno “au sawa na” vilisubiri hadi 1734, alipovitumia Mfaransa Pierre Bouguer. Kwa muda wa karne nzima, basi, wanahisabati walikuwa na njia ya mkato ya kusema huyu ni mkubwa kuliko yule, lakini hawakuwa na njia kama hiyo iliyozoeleka ya kusema lolote juu ya aliyesimama juu ya mpaka wenyewe.

Hoja yangu iko kwa huyo aliyesimama mpakani. Darasani mstari huchorwa kwa namna mbili: mzima, ukiwa ni sehemu ya jibu, au wa vipandevipande, ukiwa nje ya jibu. Wengi huchukulia jambo hili kuwa pambo, alama moja ya mtahini ya kupatikana au kupotea, huku kazi yenyewe ikidhaniwa kuwa ni kivuli. Nadai kwamba mambo yako kinyume. Kivuli ni rahisi: jaribu nukta moja, sentensi ikikubali, upande wake wote umekubaliwa. Uamuzi mzito katika grafu nzima ni kama mstari wenyewe umo au haumo, kwa sababu kilicho bora katika uwanja, kikiwepo, hukaa mpakani, na ugomvi pia hukaa hapo hapo.

Sultan Hamud ni mahali pazuri pa kuidai hoja hii, maana mji wenyewe ni wa mstari. Ulizaliwa na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, ukakua na barabara kuu inayofuata njia hiyo hiyo. Jina lake ni la Hamud bin Muhammed, Sultani wa Zanzibar tangu 1896 hadi 1902, aliyepanda gari la moshi kuja kuitazama reli ilipofika huku. Mfalme huyo alikuwa na nchi iliyofafanuliwa kwa sentensi ya kutolingana. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakakubaliana, bila mwenye nchi kuwa na sauti, kwamba mamlaka ya Zanzibar katika pwani ya bara ni ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Ipe herufi d umbali kutoka ukingo wa maji: enzi yake ni pale d isipozidi 10. Kila kilichozidi hapo kilitiwa kivuli kwa wino wa watu wengine. Mji unaobeba jina lake uko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, ndani kabisa ya kivuli. Alikuja kama mgeni mheshimiwa kwenye reli ya wengine, katika nchi ya wengine, jina likabaki. Na ule ukanda wa maili 10 uliendelea kuwa wake na wa waliomrithi, katika sheria, hadi 1963, ingawa mstari wake ungemshinda mkulima wa Kilifi kuuonyesha kwa kidole.

Turudi kwenye karatasi, tuijaribu hoja kwa hesabu ya mahali. Tuseme mkulima wa upande wa Kasikeu ana ekari 6, na anataka kupanda mahindi na ndengu. Ekari za mahindi ni x, za ndengu ni y. Ardhi yasema x na y zikijumlishwa zisizidi 6. Mfuko una shilingi 45,000. Ekari ya mahindi inamla 9,000 na ya ndengu 6,000, kwa hiyo, tukigawanya kwa 3,000, mara tatu ya x na mara mbili ya y zisizidi 15. Nyumbani panahitajika mahindi ya muthokoi, kwa hiyo x isipungue 1. Na y haiwezi kuwa chini ya sufuri, maana hakuna apandaye ekari hasi. Futa yasiyotakiwa, na katikati ya karatasi panabaki uwanja mweupe wenye pembe nne: ekari 1 ya mahindi bila ndengu, ekari 5 za mahindi bila ndengu, ekari 3 kwa 3, na ekari 1 ya mahindi kwa 5 za ndengu. Sasa ekari ya ndengu ikimpa faida yoyote ile, na ya mahindi yoyote ile, na kila ekari ikiwa na faida sawa na mwenzake wa zao hilo, faida kubwa kuliko zote itapatikana kwenye mojawapo ya pembe hizo. Haiwezi kuwa ndani peke yake. Ukisimama ndani, daima kuna upande wa kusogea ambako faida huongezeka, na utasogea hadi mstari ukuzuie, kisha utaufuata mstari hadi mstari wa pili ukuzuie. Huu ndio msingi wa somo la Kidato cha Nne la kupanga kwa mistari. Mrusi Leonid Kantorovich aliufikia mwaka 1939 akitafuta namna ya kutumia mashine za mbao bila hasara, na Mmarekani George Dantzig akautengenezea njia ya kukokotoa mwaka 1947, njia ambayo hufanya hivyo hivyo: hutembea kutoka pembe hadi pembe.

Sasa geuza mistari iwe ya vipandevipande. Ardhi iseme x na y zikijumlishwa ziwe chini ya 6, zisiifikie. Na mfuko vivyo hivyo. Uwanja mweupe ni ule ule kwa macho. Hakuna atakayeona tofauti akiwa hatua tatu kutoka ubaoni. Lakini jibu bora limetoweka. Mkulima akichagua ekari 2.9 kwa 2.9, tutamwonyesha 2.95 kwa 2.95, akikubali hiyo, tutamwonyesha 2.99, na hatuwezi kuchoka. Kila chaguo lina chaguo bora kulizidi, na lile ambalo yote yanalikimbilia halimo katika uwanja. Kwa kuondoa mstari mwembamba usio na upana hata wa unywele, tumeondoa uwezekano wa kuamua. Sijui ushahidi mwingine katika hesabu za shule za sekondari unaoonyesha kwa uwazi kama huu jinsi ukingo unavyoweza kuubeba uwanja mzima.

Mtu wa kazi atasema haya ni ya walimu. Shambani hakuna anayepima ekari hadi desimali ya tatu. Na wakulima wa Ukambani wameamua kila msimu, mstari uwe mzima au uwe wa vipande. Pingamizi hili lina nguvu, hasa penye vitu vya kuhesabika. Matatu yenye leseni ya abiria 14 haina nafasi ya abiria 14 na nusu. Kwa hiyo “wasizidi 14” na “wawe chini ya 15” ni amri moja. Lakini tazama kinachotokea akija askari anayesoma kibao vibaya, akadhani 14 nayo imekatazwa: mtu mmoja anaachwa barabarani kila safari. Na kwenye mizani ya malori ya barabara hii ya Mombasa, sheria ya Afrika Mashariki inayoweka tani 56 kuwa uzito wa juu wa lori la ekseli saba ni mstari mzima: tani 56 kamili inapita, na mwenye mali hupakia kuikaribia 56 kadiri anavyothubutu, maana kila tani iliyoachwa bandarini ni pesa. Malori hayatembei katikati ya uwanja mweupe, yamejibana ukingoni.

Na mahali ambapo tofauti ya mzima na vipande imebeba nchi ni Katiba ya 2010, ambayo, ukiisoma kwa jicho la mwalimu wa hisabati, imejaa grafu. Ibara ya 138 yataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia asipungue asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Angalia ufundi wake. Nusu ya kura ni mstari wa vipande: nusu kamili haitoshi. Asilimia 25 ni mstari mzima: ukiigusa umeingia. Nusu ya kaunti ni mstari wa vipande tena, lakini kaunti ni 47, namba isiyogawika kwa mbili, hivyo mstari unapita katikati ya 23 na 24 bila kumgusa mtu. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, alivuka mstari kwa kura zisizofika 10,000, na Mahakama ya Juu ikalazimika kuamua kama kura zilizokataliwa zinaingia katika hesabu ya kura zote, maana yake ni wapi hasa mstari umechorwa. Iliamua haziingii. Anayesema upana wa unywele hauna maana angeeleza hilo pale mahakamani Machi mwaka ule.

Kuna sentensi nyingine ya Katiba iliyo tamu zaidi kwa mchora grafu: katika chombo cha kuchaguliwa, jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Weka wanaume kwenye mhimili mmoja na wanawake kwenye mwingine. Wanaume wasizidi mara mbili ya wanawake, wanawake wasizidi mara mbili ya wanaume. Mistari miwili inatoka sufuri na kufunguka, na uwanja mweupe ni kabari iliyo kati yake. Mwanafunzi amezoea kujaribu nukta ya sufuri kwa sufuri ili ajue upande wa kutia kivuli. Hapa nukta hiyo haimsaidii, maana iko juu ya mistari yote miwili, na mistari ni mizima, kwa hiyo Bunge lisilo na mtu hata mmoja limetimiza sheria. Si mzaha mtupu: Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kuitungia kanuni hiyo sheria ya utekelezaji, yaani alipendekeza nukta irudi sufuri, mahali pekee palipokuwa karibu na uhalali. Bunge halikuvunjwa. Nukta ikaendelea kukaa kivulini, ikipitisha bajeti.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na linatoka kwa watu wenye haki ya kulitoa. Pembe, litasema, ni mahali pa hatari. Aliyepanda ekari 3 kwa 3 amemaliza ardhi na amemaliza mfuko. Hana akiba upande wowote. Ukambani si nchi ya kukaa pembeni mwa uwezo. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo hutegemewa zaidi huku kuliko za Machi hadi Mei, hazitoi ahadi; mstari wa mvua husogea mwaka hadi mwaka, na aliyesimama juu yake hujikuta kivulini bila kuinua mguu. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Mchumi George Stigler alikutana na upungufu wa aina hii kwa njia nyingine mwaka 1945, alipotafuta chakula cha bei ndogo kabisa kitakachomtosheleza mtu mzima kati ya vyakula 77. Alipata chini ya dola 40 kwa mwaka mzima, ngano na kabichi na maharagwe makavu na vichache vingine, mlo uliokaribia sana pembe yake na ambao hakuna ambaye angempikia mgeni.

Nalikubali pingamizi hili kwa kiasi kikubwa, ila naona linaipa hoja yangu nguvu. Anayejiweka ndani kwa usalama bado anapima kutoka mstarini: usalama wake ni umbali kati yake na ukingo, na asiyejua ukingo ulipo hajui yuko salama kiasi gani. Zaidi ya hayo, mkulima mwenye busara hajauacha ukingo, ameongeza sentensi. Amesema akiba isipungue kiasi fulani, na hapo uwanja umejikunja, pembe mpya zimetokea, naye amesimama kwenye mojawapo. Hata wataalamu wa mbegu waliofanya kazi Katumani, karibu na Machakos, walifuata njia hiyo. Mahindi ya Katumani, yaliyoanza kuenea Ukambani katika miaka ya 1960, hayakuzalishwa yawe yenye mavuno makubwa kuliko yote duniani. Yalitafutiwa kwanza sharti kwamba siku zake za kukomaa zisizidi siku ambazo udongo una maji, na ndani ya sharti hilo ndipo mavuno yalipotafutwa. Walianza kwa kufuta.

Linabaki la watu, ambalo grafu hulisema kwa ukali kuliko siasa. Sultan Hamud imo Makueni, lakini imekaa ukingoni. Ng'ambo ni Kajiado. Kaunti 47 zilirithi wilaya za sheria ya 1992, mwaka ambao Makueni ilimegwa kutoka Machakos, na viongozi wa pande mbili wamevutana tangu hapo kuhusu mpaka unapita wapi hasa katika miji ya barabara hii, reli ikitajwa mara kwa mara kama ushahidi. Mstari wa hesabu hauna upana. Huu wa hapa una upana wa hifadhi ya reli na hifadhi ya barabara, na ndani ya upana huo ndimo wachuuzi wanamouza nyanya na maembe kwa abiria, na Mkamba mwenye mahindi hukutana na Mmaasai mwenye mbuzi. Soko haliko katikati ya uwanja wa yeyote. Limekwenda mpakani kwa sababu ile ile iliyolipeleka jibu la mkulima kwenye pembe. Sasa uliza swali la darasani. Pande zote mbili zikichora mpaka kwa vipandevipande, wa mstarini si wa mtu: wa kumlipia taa hayupo, wa kumchimbia choo cha soko hayupo. Upande mmoja ukiufanya mzima na mwingine wa vipande, ni halali, na ndivyo sheria hupenda, lakini nusu ya soko imekuwa wageni kwao. Pande zote zikiufanya mzima, hesabu inatoa jambo la ajabu: mahali pekee ambapo sentensi zote mbili ni kweli kwa pamoja ni mstari wenyewe.

Atasimama mtu wa sheria aseme kwamba hilo haliwezekani, mchuuzi mmoja hawezi kulipa ushuru kwa kaunti mbili. Kweli, na anayelipishwa mara mbili ana haki ya kulalamika. Lakini ushuru si kitu pekee kinachochorwa. Maji, zahanati, mnada na kituo cha polisi vinaweza kuhesabu watu wa mstarini kutoka pande zote bila kumtoza mtu mara mbili, na kaunti zinaruhusiwa na Katiba kushirikiana. Wanaotaka njia nyingine, ya kuuhamisha mstari, nao wamewekewa mistari yao: Ibara ya 188 yataka tume huru ipendekeze kwanza, kisha uungwaji mkono usiopungua thuluthi mbili ya wabunge, ambao kati ya 349 ni 233, na usiopungua thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti, ambao kati ya 47 ni 32. Katika hizo 47, Makueni ina kura moja na Kajiado ina moja.